Dengu Iliyoonjwa Nyumbani kwa Falguni

Cherehani yangu iko barazani kwa Falguni, Kariakoo, kwenye mtaa unaoelekea Gerezani. Ukinitafuta usiulize fundi Kuruthumu, uliza yule mama mwenye mdomo. Watakuleta. Nayasema haya mapema ili usije ukashangaa mbele ya safari. Mimi kumung'unya maneno sijui, na siku ninayokusimulia hata mkono wangu ulinitia aibu kuliko mdomo.

Falguni ndiye mwenye duka. Anauza nyuzi, zipu, vifungo, lastiki na bitana. Duka lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Vallabhdas, kisha likawa la mumewe, Manan. Miaka yote hiyo Falguni nilikuwa namjua kwa sari zake tu, zikianikwa kwenye kibaraza cha ghorofani, zikitudondoshea maji vichwani sisi mafundi wa chini. Manan alipofariki ghafla kwa maradhi ya moyo, na mtoto wao Mihir yuko zake Kanada, ndipo tukamwona mwenye sari akishuka. Mama mnene, mpole, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni. Tulimcheka, sitaki kuficha. Alikuwa hajui zipu ya gauni iko boksi gani.

Sasa sikiliza. Enzi za wanaume wale, mafundi wa barazani tulikuwa na kikombe chetu cha bati, kimetundikwa kwenye msumari nje ya mlango. Chai ikija, wao wanakunywa kwenye glasi zao, sisi tunapokezana kikombe chetu. Hakuna aliyetutukana. Ilikuwa hivyo tu, watu wakazoea. Mimi sikuzoea. Kila nikikitazama kile kikombe nilikuwa nageuza uso. Basi wiki ileile ya kwanza, chai ilipoletwa, Falguni alitoka nje, akakitoa kikombe msumarini, akakitia kwenye ndoo ya taka, akanimiminia chai kwenye glasi sawa na yake.  Niliipokea kwa mikono miwili.

Ushoga wetu ulianzia hapo. Mchana jua likiwa kali na wateja hakuna, anatoa kigoda chake, anakaa karibu na cherehani yangu, tunapiga soga. Mwenzetu wa tatu ni Candida, Mhaya wa duka la pili, anayeuza shanga na lesi, mwanamke wa kucheka kwa sauti mpaka mtaa mzima ujue. Kwenye maongezi hayo ndipo nilipomjua Falguni ni nani.

Alizaliwa Tanga, akasoma, akasomea uhasibu. Alipoolewa Dar es Salaam alishapata kazi benki, barua ya kuanza anayo mkononi. Mama mkwe wake, Madhuben, hakutaka. Hakupiga kelele, hakugomba. Aliacha kula. Sahani inakuja, sahani inarudi. Manan akawa anamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, mzee naye kanuna, na bibi yuko kitandani kageukia ukutani. Siku ya pili Falguni akasema haendi. Bibi akainuka, akala. Huo ndio ukawa mwisho wa benki, na Falguni akaingia jikoni.

"Hukumchukia?" nilimuuliza.

"Nilimchukia," alisema. "Halafu nikamzoea. Sasa ni mzee, namwogesha mimi."

 Mimi ningekuwa nimeshaondoka na begi langu, lakini mimi si Falguni.

Kwangu alishakuja. Nilipomwoza binti yangu Salma, nilinunua sufuria mpya kwa ajili yake asiyekula nyama, haijagusa nyama wala dagaa, nikampikia maharage ya nazi na mchicha, nikavifunika pembeni, nikaweka mtu wa kulinda asije mjinga mmoja akatumbukiza mwiko wa pilau. Falguni alikaa mkekani na wanawake wenzake, akala mpaka akalegeza pini ya sari. Lakini mimi kwake ghorofani nilikuwa sijakanyaga. Ngazi ziko nyuma ya duka, nazipita kila siku nikienda kuteka maji ya kunawa. Nilijua kwa nini. Bibi Madhuben hakutaka watu wa nje jikoni kwake, na mimi sikutaka kulazimisha. Mtu na nyumba yake.

Kwa hiyo siku Falguni alipotuambia mimi na Candida kwamba anatimiza miaka sitini na anataka tupande tukale chakula cha jioni, nilidhani sikusikia vizuri.

"Juu?" nikasema.

"Juu. Miaka yote napika kwa watu niliowakuta mezani. Nataka mara moja nipike kwa watu niliowaita mwenyewe."

"Na bibi je?"

Akaanza kupanga vifungo ambavyo vilishapangwa. "Amesema mkila humo, yeye hali."

Hapo lazima ujue jambo. Madhuben ana sukari, anachomwa sindano jioni, na akishachomwa lazima atie kitu tumboni, la sivyo inamshuka anazimia. Kugoma kwake kula siku hizi si kama kule kwa zamani. Kunaweza kumpeleka hospitali, kunaweza kumpeleka makaburini.

"Shoga, tuache," nikamwambia. "Tutakula mihogo hapahapa barazani, na utakuwa na miaka yako sitini vilevile."

"Hapana," alisema Falguni, akafunga boksi la vifungo. "Safari hii hapana."

Siku ilipofika tulienda wote asubuhi soko la Kisutu. Alichagua bamia mojamoja, anaivunja ncha, ikipinda bila kukatika anairudisha, muuza akawa anataka kulia. Alasiri nikafunga cherehani, nikaswali, nikajitanda khanga yangu nzuri, nikapanda ngazi. Mwaliko ulikuwa wa jioni, najua, lakini sisi hatukulelewa hivyo. Mwenzio ana shughuli jikoni, wewe unakuja wakati wa kula, unakaa sebuleni kama bwana afya? Unakuja mapema, unajifunga khanga kiunoni, unauliza nimenye nini.

Mlangoni nilimkuta Madhuben amekaa kwenye kiti cha ukindu, mahali ambapo anaona jiko lote. Mdogo, ndani ya sari nyeupe, mikono imebaki mifupa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja mapema." Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, maana alizaliwa Bagamoyo.

"Nimekuja kumsaidia mwanao."

"Mkwe wangu," alisema.

Nikaona, haya, tumeanza. Falguni alitoka jikoni, akamtazama bibi, akanitazama mimi, kisha akanionesha bomba ninawe mikono na miguu, akanipitisha jikoni.

Jamani, nilifurahi. Nimepika shughuli za watu mimi, lakini jiko lile lilinifanya mwanafunzi. Hakuna kitunguu. Hakuna kitunguu thomu, dini yao haitaki. Mafuta yakichemka anatupia haradali zinaruka, jani la mchuzi, halafu mvuje, uleule ambao bibi zetu walikuwa wanamfunga nao mtoto mchanga kumkinga na kijicho. "Nyie mnaula?" nikamuuliza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Chapati zake anazisukuma nyembamba unaona mkono upande wa pili, akiziweka motoni zinajaa hewa zenyewe. Mimi nikasukuma moja ikatoka nene, ya pembe nne. Akaiinua akaitazama, akasema hiyo itamtosha Candida peke yake. Sikuwahi kumsikia akitania hivyo dukani. Mle jikoni alikuwa mtu mwingine, mwepesi, anajua kila kitu kilipo, na nikafikiria kwamba mwanamke huyu amekuwa fundi miaka yote hii na hakuna hata rafiki mmoja aliyemwona.

Jua likaanza kuzama. Akaniambia, "Niangalizie dengu, naenda kumchoma bibi sindano."

Sasa mwanamke wa pwani ukimwambia akuangalizie chungu, unategemea nini? Nilishika upawa, nikakoroga, nikapuliza, nikadondoshea kidogo kiganjani, nikalamba. Mkono wangu umefanya hivyo tangu nina miaka saba. Sikufikiri, kama usivyofikiri ukipiga chafya. Ulimi ukanishtua. Nikachukua tena, nikalamba tena. Upawa uleule nikageuzia na bamia. Kisha nikapaza sauti, na sauti yangu unaijua:

"Mama Mihir, umekosea, umetia sukari kwenye dengu. Na chumvi kama hukutia kabisa."

Nikageuka. Madhuben alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Nyuma yake Falguni, pamba ya sindano bado iko mkononi. Uso wa Falguni ulikuwa umemshuka kabisa.

"Nini?" nikasema. "Nimefanya nini?"

 Falguni akanieleza, taratibu. Kwao chakula hakionjwi. Mpishi anatia chumvi kwa jicho na kwa mazoea, na chakula kikiiva anatengewa Mungu kwanza, pale kwenye madhabahu yao ndogo ya ukutani, ndipo watu wale. Kikilambwa kabla, kimekuwa makombo. Mungu hapewi makombo.

"Hata wewe hujawahi kuonja?" nikauliza.

"Sijawahi."

Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nyumba ya watu, siku ya kwanza, na mimi nimetia ulimi kwenye sahani ya Mungu wao. Halafu nikamtazama yule bibi, midomo kaibana, na aibu ikageuka hasira. Nikakiona kile kikombe cha bati. Nikasema moyoni, ndiyo haya, ulimi wangu ndio najisi, mate ya Mhindi ni marashi. Maneno yalishajipanga mdomoni, mazito. Kilichonizuia ni uso wa Falguni tu. Nikaifungua khanga kiunoni.

"Nisamehe, Mama Mihir. Sikujua. Mimi naenda zangu."

"Huendi," alisema Falguni.

Kisha akamgeukia mama mkwe wake. Wao wawili huongea Kigujarati siku zote, na Ba kwao ni mama. Siku ile alisema kwa Kiswahili, kusudi na mimi nisikie.

"Ba, kosa ni langu, sikumwambia. Mungu nitampikia kingine. Lakini chakula hiki hakimwagwi, na huyu haondoki. Wageni wangu watakula hiki, na mimi nitakula nao. Wewe ukitaka kugoma, goma. Nitakaa kitandani kwako nikunyweshe maji ya sukari kwa kijiko mpaka asubuhi. Benki niliiacha, Ba. Hili siliachi."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Pamba ya sindano aliikamua mpaka ikawa kama punje.

Na hapo ndipo Candida alipobisha hodi. Hakuna aliyeitikia, akaingia mwenyewe na mananasi mawili kifuani, amependeza, kajipulizia manukato. "Mambo?" akasema, akatutazama mmoja mmoja, akayaweka mananasi yake chini polepole, akakaa sebuleni bila kuambiwa. Kwa Candida hiyo ni ajabu.

Madhuben hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe. Ikoje?"

"Nini, bibi?"

"Dengu. Si umeonja? Ikoje?"

Nikamtazama Falguni, akainamisha macho. Ningesema tamu sana, bibi, hongereni, nikaokoa jahazi. Lakini nimeshakwambia mimi ni mtu gani.

"Ina sukari," nikasema. "Na chumvi imepungua. Imepungua sana."

"Sukari guru ni desturi yetu, inatakiwa," alisema. "Chumvi imepungua tangu alipoolewa."

Falguni akainua kichwa. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilikuwa naongeza mezani. Wote tulikuwa tunaongeza. Hukuona?"

Nakwambia sikujua nicheke au nilie. Watu wamekula dengu isiyo na chumvi umri mzima, baba kafa, mtoto wa kiume kafa, na hakuna aliyemwambia mpishi, na mpishi mwenyewe haruhusiwi kuonja, akija kula ameshaizoea hivyo.

Bibi akapumua. Akaunyoosha mkongojo wake kuelekea kopo la chumvi juu ya rafu.

"Basi tia," akaniambia.

Sijui nini kilimgeuza. Candida anasema alikuwa na njaa tu, sindano imeshaingia mwilini. Mimi nasema aliogopa. Alimwona Falguni akisimama mahali ambapo hajawahi kusimama, akajua safari hii akigeukia ukutani atageukia peke yake. Au labda alichoka, maana kugoma nako ni kazi, na mtu mzee ana kazi nyingi. Nilitia chumvi, nikakoroga, na hapo sikuonja.

Madhuben alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaomba sufuria ndogo iliyofungiwa kabatini, mchele na maziwa. Falguni akataka kumsaidia, akamkataza. Alipika mwenyewe, mkono mmoja kashikilia ukingo wa jiko, mwingine unakoroga. Adhana ya Magharibi ikalia msikiti wa mtaa wa pili. Falguni akanitandikia shuka safi chumbani kwake, akanionesha upande wa kibla, nikaswali. Huku mimi nasujudu, kule ukutani bibi anapiga kengele yake ndogo. Kila mmoja mle ndani alikuwa na Mungu wake, isipokuwa Candida, ambaye alibaki sebuleni na simu, anamwandikia mtu kwamba hajui kama leo kutaliwa.

Tulipoketi, mezani kulikuwa na wali, dengu, bamia zilizokauka vizuri, viazi vya bizari, kachumbari ya embe bichi. Hakukuwa na nyama, kwa hiyo sikuwa na la kuuliza nani kachinja. Bibi alikaa kichwani mwa meza, sahani yake tupu. Falguni alikuwa amesimama jikoni, anatoa chapati motoni moja moja, analeta, anarudi. Mimi na Candida tulipakuliwa lakini hatukugusa. Nani angegusa? Macho yote yako kwenye sahani ile tupu, na Falguni kila akileta chapati anaitazama, anarudi jikoni amepauka zaidi. Nilikuwa namwomba Mungu wangu na wake.

"Nimeshamtengea Mungu," alisema Madhuben. "Amekula kilicho safi. Sasa mimi nipeni hii ya Kuruthumu."

Alimiminiwa dengu juu ya wali. Akachanganya kwa vidole, akala. Akatafuna muda mrefu, hakusifu wala hakulaumu, na mkono wake haukwenda kwenye chumvi. Akala tonge la pili. Falguni alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na chapati kwenye koleo, machozi yanamtoka, hayafuti.

Candida akaanza kula kwa fujo, na mimi nikamfuata, maana kulia na njaa haviendi pamoja. Nikuambie ukweli, ilikuwa tamu. Hata ile sukari, ukishaizoea, unaelewa ilikuwa inatafuta nini.

Falguni akawa bado anaenda na kurudi na chapati zake. Bibi akagonga meza kwa kidole.

"Kuruthumu, zilizobaki utachoma wewe."

"Zangu nene, bibi."

"Nimeona. Nenda. Falguni, kaa."

Falguni alisimama kwanza, kana kwamba hajui kiti kinakaliwaje. Kisha akakaa, kati ya Candida na bibi. Mimi nikaleta chapati yangu ya pembe nne, imeungua upande mmoja, na bakuli la dengu nililolijaza upya kutoka motoni. Akaimega, akachovya kwenye dengu, akatia mdomoni, mara akautoa mkono haraka, akapepea ulimi, macho yamemtoka.

"Pilipili?" nikauliza.

"Nimeungua," alisema.

Candida akacheka. "Mama Mihir, umepika dengu umri wako wote, leo ndiyo inakuunguza?"

Falguni akafuta macho kwa ncha ya sari. "Mimi hula mwisho, watu wakishainuka," alisema. "Sijawahi kuila ikiwa ya moto."

Madhuben aliacha kutafuna. Aliitazama sahani yake. Kisha akausogeza ule mkono wake wa mifupa, akalivuta bakuli la dengu mpaka mbele ya mkwe wake, akamwambia ale kabla haijapoa.